Sweta ya Mwalimu Akeyo

Wazazi wa Gredi ya Nne walibishana wiki nzima kuhusu zawadi ya Mwalimu Akeyo, na kama ilivyo kawaida ya grupu za wazazi, wasiochanga ndio waliokuwa na maoni mengi. Mmoja alitaka thermosi. Mwingine akamjibu kwamba mwalimu yeyote aliyekaa Nakuru kwa muda ana thermosi za kutosha kufungua hoteli. Wa tatu akapendekeza leso, wa nne akataka keki kubwa yenye picha ya mwalimu juu yake, na hapo ukazuka mjadala mrefu kama ni heshima kumpitishia mwalimu kisu usoni mbele ya wanafunzi wake. Mwishowe Sally, mwenyekiti wa wazazi wa darasa hilo, akawanyamazisha kwa herufi kubwa: TUNANUNUA BLANKETI NZITO YA WATU WAWILI. MJADALA UMEFUNGWA. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba mwalimu anaishi peke yake.

Truphosa aliyasoma yote hayo akiwa ameketi kwenye mashine yake ya kufuma sweta, katika nyumba yao ya zamani ya baraza la mji pale Bondeni. Alikuwa anafuma sweta za shule, rangi ya damu ya mzee, na simu yake yenye kioo kilichopasuka ilikuwa pajani. Hakuwa ameandika neno kwenye grupu ile tangu mwezi wa saba. Siku hiyo aliandika, akafuta, akaandika tena: "Mimi pia niko. Nitachanga."

Watu waliokuwa wakiandika mfululizo kama mvua ya Aprili wakahamia meseji za kando. Halafu kwenye kioo kile kilichopasuka ukatokea ujumbe ambao Truphosa aliusoma mara mbili ili auamini: Sally amekuondoa kwenye grupu.

Quincy, mtoto wake wa pekee, alikuwa amefariki mwezi huo wa saba, baridi ilipokuwa kali zaidi. Alikuwa na miaka kumi na ugonjwa wa selimundu, ule wa damu, ambao baridi huuchokoza kama mtu anayechokoza nyuki. Lakini namba ya mama yake haikuwa imekufa, na Truphosa hakuona kwa nini izikwe pia.

Sally alikuja jioni hiyo hiyo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoongeza uchungu, maana mtu mbaya ungemfukuza. Alikuja na maziwa pakiti mbili na mkate, kama mtu anayekwenda matangani, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Usichukulie vibaya," alisema. "Si mimi peke yangu. Wazazi walinitumia meseji kando."

"Walisema nini?"

"Walisema inawauma. Saa zingine tunaongea mambo ya ripoti, mambo ya vitabu za Gredi ya Tano, na tunajua wewe unasoma. Mtu anaogopa hata kutuma picha ya mtoto wake."

"Kwa hivyo mmenitoa mimi ndio nyinyi msiumie."

"Si hivyo sasa, aki." Sally alipuliza chai ambayo haikuwa moto. "Tulitaka upumzike. Hakuna mtu anakudai kitu. Hata mwalimu anaelewa kwamba wewe saa hii huna..."

Truphosa alimsaidia kumalizia.

"Sina mtoto."

Sally aliinama. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilining'inia picha ya Quincy akiwa amevaa sweta ya shule iliyomzidi, mikono imekunjwa mara mbili hata ikawa minene kama ndizi za kupika. Alipoaga mlangoni alisema, "Asante kwa chai, Mama..." akasita, akakohoa, akasema tena, "Asante sana," kisha akaondoka upesi.

Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la kuzaliwa hubaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa wazazi wake tu. Bondeni nzima ilimjua Truphosa kama Mama Quincy. Tangu mazishi watu hawakujua wamwiteje. Muuza mboga alisema "wewe dada." Mchungaji alisema "mpendwa." Hata mumewe, Khaemba, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kumwita jina lingine, sasa alianza maneno yake kwa "sikia" au "ebu," kama mtu anayemwita mgeni. Truphosa naye alishindwa kumwita Baba Quincy. Waliishi chumba kimoja bila majina.

Alichokitaka, basi, hakikuwa kikubwa. Alitaka mwaka huu ufungwe kama miaka mingine, asimame siku ya kufunga shule na kumwambia mwalimu wa mtoto wake asante, akiwa mzazi kama wazazi wengine.

* * *

Alijua atampa nini. Alikuwa amejua tangu mazishini.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba, Quincy alipoanza kulia kwa maumivu ya miguu na kifua darasani, Mwalimu Akeyo alimbeba hadi barabarani, akapanda naye bodaboda kwenda hospitali. Mwalimu ni mwanamke mdogo wa umbo. Ukimwona nyuma ya foleni ya watoto wa Gredi ya Nane unaweza kumpita. Alikuwa ametoka pande za ziwani, na baridi ya Nakuru hakuwahi kuizoea. Siku zote alivaa sweta ya kijivu yenye vifungo. Siku hiyo aliivua na kumfunika mtoto. Dada yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa ule ule, kwa hiyo alijua joto ni nusu ya dawa.

Truphosa alipofika hospitalini, Quincy alikuwa bado ndani ya sweta ile, lakini hakuwa tena anatetemeka. Waliposafiri kumzika kwao Khaemba, Kimilili, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Alizikwa nayo. Mwalimu alisimama kando ya kaburi katika mvua nyembamba, amejikumbatia mikono, na hakuuliza.

Kwa hiyo kulikuwa na sweta ambayo haiwezi kurudishwa. Na Truphosa, ambaye alikuwa amewafumia sweta watoto wa nusu ya shule za mji, aliona aibu ya kila siku kwamba mwanamke yule aliimaliza baridi ya mwezi wa nane akiwa na leso mabegani.

Alikwenda madukani kutafuta uzi. Alipita ule wa kijivu, akaushika, akaurudisha. Kijivu kilikuwa cha kaburini. Mwenye duka alimwonyesha manjano, akamwonyesha waridi. Truphosa akakumbuka kitu ambacho Quincy alikisimulia jioni moja akiwa anakula: kwamba mwalimu wao husahihisha kwa kalamu ya zambarau, kwa sababu wino mwekundu huwatisha watoto. "Hata ukikosa zote, Mama, ni zambarau tu," alikuwa amesema, kwa furaha ya mtu anayekosa mara nyingi.

"Nipe zambarau," alisema.

"Ya mtoto au ya mtu mkubwa?" mwenye duka aliuliza, ili ajue ampe uzi kiasi gani.

"Ya mtu mkubwa," Truphosa alisema, na akalazimika kuhesabu pesa zake mara mbili.

* * *

Khaemba alikuwa fundi wa tairi kule Salgaa, ambako malori ya masafa marefu husimama. Alirudi jioni akinuka mpira na mafuta, akaona uzi mezani.

"Hii ni oda ya shule gani?"

"Si ya shule. Ni ya Mwalimu Akeyo. Wanafunga Ijumaa, nataka kumpelekea."

Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hakuna zawadi itatoka kwa hii nyumba kwenda kwa hiyo shule. Unamshukuru ya nini? Mtoto ameenda shule mzima, amerudi kwa sanduku."

"Alimbeba yeye mwenyewe."

"Baada ya saa ngapi? Alikaa na yeye asubuhi yote akingoja nini? Mwalimu mzuri angeita wazazi mapema. Usiniletee hiyo maneno tena."

Alikuwa ameyasema hayo tangu mazishi, jioni baada ya jioni. Truphosa alimwachia, maana baba aliyefiwa lazima apate pa kuelekeza ngumi zake, na afadhali mwalimu asiyesikia kuliko ukuta wa jirani. Lakini uzi hakuurudisha. Mchana Khaemba akiwa kazini alifuma, jioni akaficha chini ya sweta za shule. Alifuma mgongo, akafuma kifua, akafuma mkono mmoja kwa kipimo kizuri cha mwanamke mdogo. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba alijikuta anaimba, akajinyamazisha.

Alhamisi Khaemba alirudi mapema, jua bado liko juu. Gari la mteja lilikuwa limekosa spea. Alimkuta Truphosa anaunganisha mkono ule begani.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia hapana. Nilisikia."

"Na bado?"

"Na bado."

Alinyakua. Hakuwa mtu wa kupiga mke na hakumgusa, lakini alishika ncha ya uzi na kuvuta. Sweta ya kufuma haihitaji mkasi, inahitaji ncha moja tu. Safu moja ikafumuka, nyingine ikafuata, mkono mzima ukaanza kuyeyuka kati yao huku uzi ukirundikana sakafuni, umejikunja na kuchoka. Truphosa hakupigania.

"Mwalimu gani," Khaemba alisema akivuta, "mwalimu gani anakaa na mtoto mgonjwa bila kuita baba yake?"

"Aliita. Nilimuuliza siku hiyo hiyo, pale hospitalini. Alisema yangu ilikuwa imezima, akajaribu yako, netiwaki ikakataa."

Mkono wa Khaemba ulisimama hewani.

"Netiwaki," alisema. Alicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya kusikika. "Netiwaki ya Salgaa haijawahi kukataa hata siku moja. Mnara wa busta uko juu ya kichwa yangu."

"Sasa unasema nini?"

Aliketi sakafuni palepale, juu ya uzi.

"Alinipigia, Mama Quincy."

Jina lile, ambalo hakulitamka tangu kaburini, lilimtoka kama mfupa uliomkwama kooni.

"Alinipigia. Nilikuwa chini ya trela, simu iko juu ya tairi. Nikaona ni mwalimu. Ile wiki walikuwa wametuma meseji za pesa ya chakula, unakumbuka? Nikajua ni hiyo. Sikuwa na kitu. Nikaona, sasa niongee na mwalimu nimwambie nini tena, mbele ya hawa watu? Nikaigeuza, nikaiweka kifudifudi. Ikalia tena na tena. Nikaiwacha ilie. Nilisema jioni nikipata kitu nitampigia."

Nje wanawake walikuwa wakichota maji na kucheka. Mzazi yeyote wa Bondeni angemwelewa Khaemba, na hilo ndilo jambo la kuhuzunisha. Nani hajawahi kuitazama namba ya shule ikilia na kusubiri inyamaze? Shule haipigi simu mchana kukusalimia. Tumefundishwa hivyo, na tumejifunza vizuri.

"Na yeye anajua," Truphosa alisema polepole. "Anajua uliona."

"Si ndiye alipiga. Iliita mpaka mwisho, mara tatu. Mtu anajua."

"Aliniangalia kwa macho akaniambia ni netiwaki."

"Nilikuwa nimesimama hapo. Nilimsikia."

"Amebeba uongo wako tangu mwezi wa saba," Truphosa alisema, na sauti yake ikaanza kupanda bila yeye kuitaka, "na wewe unakuja hapa kila jioni kumtukana kwa meza yangu. Ulimpigia hata siku moja kumwambia pole, au asante?"

"Sijawahi. Nitaanzia wapi?"

Alitaka kumchukia. Alikuwa na haki, na kama angemchukia usiku ule dunia nzima ingemwelewa. Lakini mwanamume aliyeketi juu ya uzi, na grisi kwenye kucha, alikuwa analia kwa sauti ya Quincy, ile sauti ya kujizuia anayojifunza mtoto ili asiwachoshe wakubwa. Truphosa hakumgusa, hakumwambia amemsamehe, kwa sababu hakuwa amemsamehe. Alimwambia tu, "Inuka kwa huo uzi. Unauchafua."

Khaemba alilala bila kula. Asubuhi aliondoka kwenda Salgaa kabla ya chai.

* * *

Truphosa alifumua kilichobaki cha mkono ule, akafuma mikono yote miwili tangu kulipopambazuka, kwa sababu ule wa kwanza alikuwa ameufumia mtu mwingine, mwalimu aliyeshindwa kupata netiwaki. Hakupima. Hakuhesabu safu. Macho yalikuwa yamevimba, na mikono yake ilijua kazi, kwa hiyo aliiachia ifanye. Alipomaliza alikunja sweta, akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akavaa nguo yake ya kanisani.

Shule ilikuwa imejaa. Watoto walikimbia na ripoti zao, wazazi wa Gredi ya Nne walikuwa wamepanga foleni mbele ya darasa wakiwa na blanketi yao ndani ya plastiki inayong'aa, na kijana wa kupiga picha alikuwa anawasukuma waingie kwenye fremu. Jemutai, binti wa Sally aliyekuwa akikaa dawati moja na Quincy, alimwona Truphosa kwanza. Alimpungia mkono, mama yake akaushusha ule mkono taratibu.

"Mathe, wewe pia ingia," mpiga picha alimwita. "Wewe ni mzazi wa nani?"

Wazazi wote wakatazama viatu vyao. Mtu mmoja aliyekuwa karibu na ukingo alisogea kidogo, lakini haikujulikana kama alikuwa anampisha Truphosa au anamkimbia.

"Endeleeni tu," Truphosa alisema, akarudi nyuma hadi kwenye tangi la maji, akasimama hapo na mfuko wake. Alijiuliza kama Khaemba na Sally hawakuwa na haki wote wawili, kama mtu aliyefiwa hana budi kubaki nyumbani mpaka watu wawe tayari kumwona.

Makofi yalipigwa, blanketi ikakabidhiwa. Mwalimu Akeyo alishukuru, akaangaza macho juu ya vichwa vya watu kwa namna ya mwalimu anayehesabu darasa, na macho yake yakafika kwenye tangi.

"Mama Quincy!"

Aliliita lile jina bila kusita na bila kulipunguza sauti, likavuka uwanja mzima. Alimwachia Sally blanketi mikononi, akaja.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kufunga shule," Truphosa alijibu. Hotuba aliyoiandaa njiani ilikuwa imemtoroka. Alimpa mfuko. "Ile yako haikurudi. Hii si kama ile, lakini ina joto."

Mwalimu aliitoa sweta, akaiona rangi, akaziba mdomo kwa mkono.

"Zambarau. Ni yeye alikwambia?"

"Alisema nyekundu inaogopesha watoto."

"Ile nyingine sikuwahi kuitafuta," mwalimu alisema. "Nilijua iko wapi. Nilifurahi iko huko."

Aliivaa palepale, juani, jasho likimtoka. Mabega yalimkaa sawa, kifua kilimkaa sawa. Lakini mikono ilishuka ikapita vifundo, ikapita vidole, ikaning'inia. Truphosa aliitazama kazi yake, akaelewa alichokifanya.

"Nimekosea," alisema. "Yesu wangu. Nimeiweka mikono ya shule. Sisi tunawafumia watoto mirefu, mwalimu, unajua, ndio waweze..."

Kila mzazi aliyewahi kununua sare anajua neno linalofuata. Sweta ya mtoto hununuliwa kubwa ndio aweze kukua ndani yake.

Mwalimu Akeyo alianza kukunja. Alikunja mkono wa kulia mara moja, akakunja mara ya pili, akaubana na kiganja ili ukae, vilevile kama ilivyo kwenye picha ya ukutani kule Bondeni.

"Haijakosewa," alisema. "Hivi ndivyo alikuwa anavaa." Na hapo wanawake wawili walilia hadharani, siku ya sherehe, kando ya tangi la maji, na wazazi wa Gredi ya Nne wakawaona. Sally aliiweka blanketi chini. Alikuja hatua kadhaa, akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Quincy, pole. Nitakurudisha kwa grupu." Lilikuwa jambo dogo na la kuchekesha kidogo, lakini alilisema akimtazama usoni.

Simu ya mwalimu ililia mfukoni. Aliingiza mkono uliokunjwa, akaitoa, akasoma jina, kisha akaigeuza ili Truphosa naye aone. Baba Quincy, Gredi 4. Hakuwa amelifuta.

Simu ililia mara ya pili, na Mwalimu Akeyo akaipokea upesi, kama mtu anayejua maana ya simu kuachwa ilie.

"Haloo, Baba Quincy."

Upande wa pili kulisikika malori, breki za hewa, mtu akigonga chuma. Kisha mwanamume akivuta pumzi kwa taabu. Truphosa alisogea karibu mpaka bega lake likagusa sweta ya zambarau.

"Mwalimu," Khaemba alisema. "Nimeona ulinipigia."